Kusitisha gesi ya bomba nyumbani: kufunga koki hakuzimi bili

Mtungi uliokaa stoo haudai hata senti. Uujaze, uufunge, uutelekeze chini ya ngazi miaka miwili, hakuna atakayekuletea bili. Ndiyo maana mtu akisema anataka kukata gesi ili aache kulipa kila mwezi, jambo la kwanza la kumuuliza ni gesi yake inaingiaje ndani. Si kila gesi ina ada, na si kila ada inakoma koki ikifungwa.

Huku Arusha na Moshi gesi ya kupikia ni LPG, ile ya mitungi, inayopanda na malori. Mabomba ya gesi asilia ya TPDC, shirika la mafuta la taifa, yanahudumia nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, kwetu hayajafika. (Wafugaji wenye mitambo ya biogesi (gesi ya samadi) ya CAMARTEC, kituo cha teknolojia vijijini, wana habari yao nyingine, na ng'ombe hatumi bili.) Lakini LPG hiyohiyo inamfikia mpishi kwa njia tofauti, na hapo ndipo ada zinapojificha.

Wengi wana mtungi wao wa kilo 6 au 15, wanaujaza ukiisha. Hawa hawana ada yoyote ya mwezi. Wakitaka kuacha gesi wanaacha tu, na wakibaki na mtungi kama akiba hawapotezi kitu. Kundi la pili ni wapangaji wa apatimenti, zile za Njiro, Sakina au Shanty Town, ambako mitungi ya kilo 38 imepangwa nje kwenye kizimba cha nondo, bomba linapita ukutani na kila nyumba ina mita yake. Hapo kuna bei ya gesi, na juu yake kuna ada ya mita au ya "huduma" inayotembea kila mwezi hata kama umesafiri. Kundi la tatu ni wenye mtungi wa kulipia kwa simu, unaokuja na mita yake na kununuliwa kidogo kidogo mithili ya umeme wa LUKU. Kundi la nne ni wenye tangi la gesi la kampuni uani, zaidi nyumba za wageni, ambao mkataba wao huwa na muda maalumu na kiasi cha chini cha kununua.

Makala hii inawahusu zaidi kundi la pili, ingawa kazi ya fundi ni ileile kwa mwenye mitungi yake nje na bomba la kuingia jikoni.

Walioko Uingereza wanaujua mchezo huu vizuri zaidi kuliko sisi. Kule nyumba yenye mita ya gesi inalipa ada ya kila siku, kama peni 30 hivi, zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, hata kama hakuna kilichowashwa. Mtu akihamia umeme kabisa, kuziba bomba hakumsaidii. Ada inakoma mita ikishang'olewa na akaunti kufungwa. Kanuni hiyo inafanya kazi hapa pia: ada inafuata kifaa kilichosajiliwa kwa jina lako, haifuati moto wa jikoni.

Hesabu kabla ya kumwita fundi

Kilo moja ya LPG ina nishati ya takribani uniti 12.8 za umeme. Jiko la gesi la kawaida linafikisha kama nusu yake kwenye sufuria, iliyobaki inapasha hewa ya jikoni. Kwa hiyo kilo moja inakupa kama uniti 6.4 ndani ya chakula. Jiko la induction, lile la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, linafikisha asilimia 85 hivi, kwa hiyo kazi ya kilo moja ya gesi litaifanya kwa uniti 7.5 za LUKU. Mteja wa TANESCO wa daraja la T1, lile la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, uniti inasimama kwenye 356. Zidisha: 7.5 mara 356 ni 2,670. Hiyo ndiyo bei ya mpaka. Kama kilo ya gesi inakugharimu zaidi ya hapo, yaani mtungi wa kilo 15 unazidi shilingi elfu 40, induction inakupikia kwa bei nafuu. Kwa jiko la umeme la infraredi, ambalo linafikisha kama asilimia 70, mpaka unapanda hadi karibu 48,600 kwa mtungi huohuo.

Hesabu hiyo haijaingiza ada ya mwezi. Mpangaji anayepika kidogo, kilo tatu au nne tu kwa mwezi, ada ya mita inaweza kumfikisha mahali ambapo kila kilo imepanda bei vibaya. Chukua bili yote, gawa kwa kilo ulizotumia, ndipo ulinganishe na 2,670.

Hapo kwenye "kilo ulizotumia" pana jambo ambalo wasimamizi wengi wa majengo hawalijui. Mita ya gesi haipimi uzito, inapima ujazo. Pwani, mita moja ya ujazo ya LPG inayotoka kwenye regulata ya ndani ina kilo mbili na kidogo, kutegemea mchanganyiko wa propani na butani, gesi mbili zinazounda LPG. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo na gesi inatanuka, hivyo mita ileile moja ina gesi pungufu kwa karibu asilimia 15. Moshi, iliyo chini zaidi, upungufu ni kama asilimia 10. Mita nyingi za nyumbani hazirekebishi hilo. Kama jengo linageuza mita za ujazo kuwa kilo kwa kipimo cha Dar, unalipia gesi ambayo haijapita. Bila nia mbaya ya mtu yeyote, lakini unalipa. Njia rahisi ya kupima ukweli ni kujumlisha usomaji wa mita zote za jengo kwa mwezi na kulinganisha na idadi ya mitungi ya kilo 38 iliyobadilishwa. Wapangaji wakikaa pamoja wanaweza kulimaliza hili kwa jioni moja, na wakati mwingine bili ikishanyooshwa haja ya kukata gesi inaisha yenyewe.

Kwa mteja wa D1, daraja la matumizi madogo ya nyumbani, mambo ni tofauti, na hapa wengi wanaumia. D1 inalipa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi, ile 9,150 inayojulikana mtaani. Ukizidi, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi, karibu 427 ukimaliza, na ukiendelea kuzidi TANESCO inakuhamishia T1. Familia inayomaliza kilo 15 za gesi kwa mwezi ikihamia induction itaongeza kama uniti 113. D1 haibaki. Kwa hiyo taa, friji na pasi vilivyokuwa vinakula uniti 50 kwa 6,100 sasa vitakula uniti zilezile kwa 17,800. Hizo 11,700 ni sehemu ya gharama ya kuacha gesi, ziandike kwenye karatasi. Mwenye D1 anayepikia mtungi wake asihangaike kukata chochote.

Zuri la LUKU ni kwamba haina ada ya mwezi. Ile ya shilingi 5,520 kwa wateja wa T1 ilifutwa kuanzia Aprili 2016. Kinachokatwa siku hizi ni kodi ya jengo, na hiyo unakatwa upike kwa gesi au kwa kuni.

Ushauri wetu kwa wa apatimenti: katisha gesi ya bomba, baki na mtungi wa kilo 6 wa kwako. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni na ugali haujasongwa, utaushukuru. Lakini uliza kwanza kama mkataba wa pango unaruhusu mtungi ndani. Majengo mengi yenye gesi ya pamoja hayaruhusu, na kwa ghorofa za juu wana sababu ya maana.

Karatasi inatangulia spana

Simu kwa msimamizi haitoshi. Andika barua ya mistari michache, peleka nakala mbili, moja isainiwe na ibaki kwako. Maneno yaweze kuwa haya:

"Naomba huduma ya gesi katika nyumba namba … isitishwe kuanzia tarehe … Usomaji wa mwisho wa mita ni … Naomba mita iondolewe na ncha zote mbili za bomba zifungwe kwa kofia. Kuanzia tarehe hiyo nisidaiwe ada ya mita wala ya huduma ya gesi. Naomba pia nirejeshewe amana niliyolipa tarehe …, nakala ya risiti nimeambatanisha."

Tarehe ina maana kubwa. Ada nyingi hutozwa kwa mwezi mzima, kwa hiyo ukisitisha tarehe 3 unalipia siku 27 ambazo hukutumia gesi. Toa taarifa mapema, weka tarehe ya mwisho wa mwezi. Siku ya kufunga piga picha ya mita, namba ya mita ionekane pamoja na tarakimu. Tarakimu nyeusi ni mita kamili, nyekundu ni sehemu zake. Tumeona bili za mwisho ambazo mtu alisoma nyekundu pamoja na nyeusi kama namba moja, deni likawa la kununulia ng'ombe. Ukilipa bili ya mwisho dai risiti ya EFD, maana daftari la msimamizi likipotea ndiyo itakayokutetea.

Kama gesi imefungwa ndani ya ada moja na ulinzi, takataka na maji ya bustani, soma mkataba kabla ya kuandika chochote. Mara nyingine haitenganishwi mpaka mkataba uishe, na hapo kinachobaki ni mazungumzo wakati wa kuuhuisha. Mkikwama kabisa na mtoa huduma ni kampuni ya gesi, EWURA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha na wanapokea malalamiko.

Wenye mtungi wa kulipia kwa simu kazi yao ni fupi. Mtungi, mita na mara nyingi hata jiko ni mali ya kampuni, rudisha vyote, chukua hati ya kupokelewa yenye namba za vifaa. Kuuza au kumwachia mpangaji anayeingia ni kumwachia jina lako.

Wenye tangi wasome kipengele cha muda, cha kiasi cha chini, na kinachosema gesi iliyobaki ndani ni ya nani. Gesi hiyo inanyonywa na kampuni yenyewe kwa gari lake. Kama mkataba haujasema itafidiwaje, basi pikia mpaka geji ishuke kabisa kabla ya kutoa taarifa.

Kazi yenyewe

Hapa ndipo panapotaka utulivu. Makosa tunayoyakuta kwenye nyumba zilizokatwa gesi karibu yote ni ya aina moja: mtu alifunga, hakuondoa. Koki ya ukutani imegeuzwa, jiko limechukuliwa, mpira umekunjwa mara mbili na kukazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Inaonekana imeziba kweli. Lakini mpira uliokunjwa unakaukia kwenye mkunjo na kupasuka nyufa, na LPG inaila raba ya kawaida, ile tyubu inalegea. Koki nayo si kizuizi cha kudumu. Ina kikalio cha plastiki ndani ambacho takataka za bomba hukikwangua, ikaanza kupitisha kidogo kidogo, na mpini wake unagongwa na ndoo au na mtoto. Siku mpangaji mpya anapovuta kabati, gesi iko wazi na hakuna jiko mbele yake.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ni mara moja na nusu, butani mara mbili. Haipandi kutoka dirishani, inatambaa sakafuni, inaingia kwenye shimo la maji ya sinki, inakaa chini ya makabati. Inahitaji kufika asilimia 2 tu ya hewa ndipo iweze kulipuka, na juu ya asilimia 10 hivi haiwaki kwa kukosa hewa. Harufu ya kabichi bovu unayoisikia si ya gesi yenyewe, ni dawa iliyotiwa makusudi ili uisikie.

Anza na kuichoma iliyobaki bombani. Washa jiko moja, kisha mtu afunge koki ya nyumba yako kule nje, kabla ya mita. Moto utapungua, utakuwa wa bluu mfupi, utazima. Jaribu kuwasha la pili, litawaka sekunde chache na kufa. Usidhani bomba ni tupu. Moto umezima kwa sababu presha imeisha, gesi bado imo. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 10 linabaki na kama lita mbili, na lita mbili zikichanganyika na hewa zinatosha kutoa mlipuko mdogo wa kuunguza nyusi na mikono. Fungua madirisha na milango yote, zima kila chenye moto, usiguse swichi ya taa, ndipo fundi alegeze nati ya kwanza.

Nati hizo zina tabia yake. Kwenye viungio vingi vya gesi inayowaka, hasa vile vya mtungi mkubwa, tredi ni za kushoto, kulegeza unazungusha kulia. Angalia kona za nati, zikiwa na vikato vidogo ndizo hizo. Fundi wa maji asiyejua hilo huongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu, na badala ya kufungua anavunja shingo ya valvu.

Mita ikishatoka, ncha mbili zinabaki: inayotoka kwa jengo na inayoingia kwako. Zote mbili zipate kofia. Ya kwanza ndiyo yenye hatari, kwa kuwa nyuma yake kuna gesi ya jengo zima siku zote. Bomba la chuma la nusu inchi linavaa kofia ya tredi ya chuma au shaba nyeupe. Plagi za plastiki za mabomba ya maji hazifai hapo, hata kama zinaingia. Bomba la shaba linafungwa kwa kofia ya kubana yenye pete, au linachomelewa kwa fedha na fundi anayejua, baada ya gesi kuondolewa kabisa. Kwenye tredi weka tepu nene ya gesi, ile ya manjano, kwa mwelekeo wa kukaza, mizunguko mitatu hadi mitano, ukiacha tredi ya kwanza wazi ili vipande visikatike na kuingia ndani. Katani na rangi ya mafuta ya mafundi wa maji ikae kwenye maji. Kwenye gesi inakauka, inasinyaa, halafu inapitisha.

Kisha gesi ya jengo irudishwe na kofia ipimwe. Kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye nusu glasi ya maji, koroga taratibu usipate povu jingi, paka kwa brashi kuzunguka kofia na kiungio kilichotangulia. Tazama kwa dakika nzima bila kuondoa macho. Uvujaji mkubwa unatoa mapovu makubwa papo hapo, mdogo unajenga povu jeupe dogo kama la maziwa ya kukamua, polepole, upande mmoja tu wa tredi. Ukiliona hilo usikaze zaidi juu ya tepu iliyokwisha kukaa. Funga gesi, toa kofia, safisha, weka tepu mpya. Kamwe usipime kwa kiberiti.

Fundi makini anapima pia kwa presha, na kipimo chake si cha bei. Mpira wa plastiki angavu uliokunjwa umbo la U na kutiwa maji unatosha. Gesi ya ndani huwa na presha ya milibari 30 hivi, sawa na tofauti ya sentimita 30 kati ya maji ya upande mmoja na mwingine. Unafunga koki ya chanzo, unaweka alama, unasubiri dakika tano. Maji yakishuka hata sentimita moja, kuna mahali panavuja, na pengine palikuwa panavuja tangu zamani na wewe ndiye uliyekuwa unapalipia.

Bomba lililobaki ukutani si lazima kulifukua. Lakini lisiachwe wazi upande wowote, na bandika maandishi kwenye ncha zote: "Halina gesi, limekatwa kwenye mita", na mwaka. Atakayekuja na drili baada yako atakushukuru, na atakayetaka kurudisha gesi atajua aanzie wapi.

Hita ya maji

Nyumba nyingi za Arusha zilizo na gesi ya bomba ziliiweka kwa ajili ya maji ya kuoga, na ukiondoa gesi ukasahau hilo, mwezi wa sita utakukumbusha. Hita ya gesi inayotolewa ifungwe maji kwanza, koki yake ya chini ifunguliwe maji yatoke yote, betri zitolewe zisije kuvuja, na ncha ya gesi ipate kofia yake. Tundu la bomba la moshi ukutani lizibwe kwa wavu au saruji. Likiachwa wazi nyuki wanahamia. Kama hita yako ilikuwa ndani ya bafu bila bomba la kutolea moshi, basi kuiondoa ni baraka kuliko pesa utakayookoa: hewa yake ya sumu haina harufu, na bafu lililofungwa kwa sababu ya baridi ndilo linaloua.

Hita ya umeme ya kuogea ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Inataka waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye boksi la fyuzi, sakiti breka ya ampea 32, na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Kuifunga kwenye waya wa 2.5 wa soketi za kawaida ni kupika waya ndani ya ukuta.

Mitungi na masufuria

Kama mitungi ilikuwa yako, ipime kabla ya kuiachia. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye shingo au mpini. Ukisoma 15.6 na mizani inasema 19.1, ndani kuna kilo tatu na nusu za pesa yako. Usiamini moto hafifu wa asubuhi ya baridi. Mtungi wenye butani nyingi unapoa na kutoa presha ndogo hata ukiwa na gesi ya kutosha, jambo la kawaida Ngaramtoni mwezi wa saba. Maduka mengi hupokea mtungi mtupu kwa kubadilishana na uliojaa, si kwa kurudisha fedha. Anayeanza maisha mtaani kwako atakulipa vizuri zaidi. Unaposafirisha usimame wima, valvu imefungwa na kifuniko chake kiko juu. Mtungi "mtupu" bado una gesi, na ukilazwa kimiminika kinaweza kufika kwenye valvu ya usalama, ambayo imetengenezwa kupitisha mvuke.

Upande wa masufuria, chukua sumaku ya friji uende nayo jikoni. Sufuria ambayo sumaku haigandi chini yake haitafanya kazi kwenye induction, na hiyo ni karibu kila sufuria ya alumini uliyo nayo. Ama ununue za chuma, ama uchague infraredi ambayo inapokea yoyote kwa kula uniti zaidi. Kwa maharage, makande, kiburu na machalari, presha kuka ya umeme ya wati 1,000 inazipita zote mbili. Kwenye mwinuko wa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, Moshi 97, ndiyo sababu maharage yanachukua muda mrefu kuliko Tanga. Ndani ya presha kuka joto linapanda juu ya 100 na mwinuko hauna neno kubwa tena. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku haifiki uniti moja.

Induction ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, soketi moja nzuri inaibeba. Mbili kwenye ekstensheni moja haziwezekani, plagi inaanza kunuka ndani ya wiki.

Mwisho mwambie fundi umeme aangalie jambo moja kabla ya bomba la gesi kukatwa au kung'olewa: waya wa eathi umefungwa wapi. Kuna nyumba ambako mtu aliona bomba la chuma linaloingia ardhini akalifanya eathi ya nyumba nzima. Haikupaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, gesi na umeme wa kuvuja havipaswi kushirikiana bomba. Lakini ukilikata bila kujua, makasha ya friji na mashine ya kufulia yanabaki bila pa kumwagia umeme. Waya huo ukikutwa hapo, nondo ya eathi ichimbiwe na kupimwa kwanza, waya uhamishwe, ndipo bomba liguswe.